Msimbo Si Hukumu: Amplifaya Yangu Haikufa

Haya jamani, leo naweka kando hifadhidata na programu za simu. Nina hasira, na hasira yenyewe ina bei: shilingi 48,000. Hizo ndizo nilizoambiwa nilipe kwa sababu mashine ilionyesha herufi moja na tarakimu nne kwenye kioo, na mtu aliyeishika akaamua kwamba hiyo ndiyo kesi na hiyo ndiyo hukumu.

Ilianza Aprili, mvua imeshika Nairobi kisawasawa. Niko kwenye foleni ya magari Mombasa Road, nasikiliza habari, mara redio ikanyamaza. Kioo kinawaka, jina la stesheni linaonekana, lakini spika zote kimya kama kaburi. Baada ya dakika chache sauti ikarudi yenyewe. Kesho yake ikapotea tena. Gari ni la Kijapani, nililinunua likiwa limeshatumika kama wengi wetu, na lina amplifaya ya kiwandani iliyofichwa kwenye buti, nyuma ya ubao wa plastiki upande wa kushoto. Aina ya gari sitaitaja, maana tatizo hili halina kabila.

Fundi wa kwanza alikuwa kijana mwenye kile kidude cha buluu cha Bluetooth kinachouzwa kila kona ya mji. Akakichomeka chini ya usukani, akafungua simu yake, akangoja kidogo. "Hakuna kitu hapa, bosi. Gari iko sawa." Gari iko sawa na redio haisemi!

Fundi wa pili alikuwa na karakana yenye bango kubwa na mashine ya maana, ukubwa wa sinia. Kuchomeka tu, shilingi 3,000. Mashine ikatoa msimbo unaoanza na U: mawasiliano na amplifaya yamepotea. Akanitazama kama daktari mwenye habari mbaya.

"Amplifaya imekufa, bosi. Ya kutoka Japani utapata kwa 45, kufunga 3,000."

"Umepima nyaya, fundi?"

Kwa haki yake, alipima. Akachomoa plagi ya amplifaya, akaweka mita, ikasoma volti 12.4. "Si unaona? Moto iko. Na mashine imesema."

Mashine imesema. Hayo maneno mawili ndiyo yaliyonifanya niandike.

Mashine haikusema hivyo

Mimi kazi yangu ni kuandika programu. Kila siku nasoma ujumbe wa hitilafu. Programu ikiniambia "seva haijibu", sikimbilii dukani kununua seva mpya. Najiuliza: nani ameandika ujumbe huu? Aliuandika lini? Alikuwa anajaribu kufanya nini? Labda seva imezimwa. Labda waya wa mtandao umechomoka. Labda seva ni nzima kabisa na anayelalamika ndiye mwenye kasoro. Mwanaprogramu atakayebadilisha seva kila akiona ujumbe huo atafukuzwa kazi kabla ya mwezi kuisha. Kwenye gari, mtu huyohuyo tunamwita mtaalamu na tunamlipa.

Sasa angalieni msimbo wangu. Misimbo ya gari huanza na herufi nne: P kwa injini na gia, B kwa vitu vya bodi, C kwa breki na sehemu za chini, na U kwa mawasiliano kati ya kompyuta moja na nyingine. Wangu ulikuwa U. Maana yake kuna kompyuta iliyomwita mwenzake na haikujibiwa. Aliyeandika msimbo ule hakuwa amplifaya. Ilikuwa redio!

Ni kama jirani aliyepiga hodi mara tatu, hakufunguliwa, akaenda kutangaza mtaani kwamba mwenye nyumba amefariki. Huenda kweli. Huenda pia amelala, au ametoka, au hana stima na kengele yake haikulia. Mtu mwenye akili hachongeshi jeneza kwa ushahidi huo.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Katika itifaki inayotumiwa na magari mengi ya siku hizi, UDS, ambayo kiwango chake ni ISO 14229, kila msimbo hubeba baiti moja ya hali. Biti nane. Moja husema kama jaribio linafeli sasa hivi. Nyingine husema kama hitilafu imewahi kuthibitishwa hata kama sasa haipo. Kompyuta nyingi pia huhifadhi picha ya mambo yalivyokuwa wakati wa tukio, kwa mfano volti zilikuwa ngapi. Fundi wangu hakufungua ukurasa huo. Alisoma kichwa cha habari akatupa gazeti.

Na kile kidude cha buluu?

Tukirudi kwa kijana wa kwanza, yeye hakusema uongo. Alisema alichoonyeshwa. Uongo uko kwenye boksi, lililoandikwa kwamba kidude kinapima gari zima.

OBD-II ilizaliwa kwa ajili ya moshi. Marekani iliilazimisha kwa magari ya mwaka 1996 na kuendelea ili wakaguzi waweze kujua kama gari linachafua hewa, na Ulaya ikafuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli. Sheria hiyo inahusu injini, gia na vinavyogusa moshi. Amplifaya haitoi moshi, isipokuwa siku ile umeiunga vibaya. Kwa hiyo kidude cha kawaida kinapouliza "kuna mwenye shida?", wanaolazimika kujibu ni wachache tu. Redio, amplifaya, taa na madirisha hawamo kwenye orodha hiyo. Wanazungumza kwa misimbo ya mtengenezaji, na mara nyingi kwenye nyaya nyingine kabisa. Magari mengi ya Ford na Mazda, kwa mfano, yana mtandao wa kasi ndogo kwenye pini ya 3 na ya 11, wakati kidude chako kinasikiliza pini ya 6 na ya 14. Utangoja jibu mpaka kiama.

Vidude vingi vya aina hii vinaiga chipu ya ELM327 iliyobuniwa na kampuni ya Elm Electronics ya Kanada. Kwa injini vinafaa sana, mimi ninacho na nakitumia. Lakini "sikupata msimbo" na "hakuna tatizo" ni sentensi mbili tofauti. Anayezichanganya atakupeleka nyumbani na breki mbovu akikuambia gari iko sawa.

Nilichofanya mwenyewe

Kuna swali moja ambalo hakuna fundi aliyeniuliza, na ndilo la kwanza kabisa katika kazi yangu: inatokea lini? Wangeuliza ningewaambia. Sauti hupotea nikiongeza muziki. Nikipunguza, baada ya muda inarudi. Na ni mbaya zaidi baada ya mvua.

Rafiki yangu akaniazima mashine inayoelewa magari ya aina yangu. Sikwenda kwenye misimbo. Nilifungua ukurasa wa vipimo vya moja kwa moja, pale amplifaya yenyewe inaporipoti volti inazopokea. Injini inaunguruma, sauti iko chini: volti 13.8. Nikaongeza sauti: 12, 11, 9.7, kimya. Wakati huohuo kompyuta ya injini inaripoti volti 14.0. Betri nzima, chaja ya gari nzima, lakini volti nne zimepotea njiani. Amplifaya haikufa. Ilikuwa inakufa njaa, na ikiishiwa nguvu inajizima kujilinda. Redio inaita, haijibiwi, inaandika msimbo wa U. Hadithi nzima ni hiyo.

Sasa mtaniuliza: mbona fundi alipima akakuta 12.4? Hapa naomba mtulie, maana hapa ndipo pesa zenu zinapopotelea.

Mita haili umeme. Inapopima volti inapitisha kiasi kidogo mno cha mkondo. Tuseme kiungo kina kutu na kimekuwa na ukinzani wa omu 0.4. Plagi ikiwa imechomolewa hakuna mkondo unaopita, kwa hiyo hakuna volti inayopotea, na mita itasoma kama vile waya ni mzima. Rudisha plagi, ongeza muziki, amplifaya ivute ampea 10. Sheria ya Ohm tuliyosoma shule ya upili: 10 mara 0.4 ni volti 4. Zimekwenda, zimegeuka joto kwenye kutu. Hata ukipima ukinzani wenyewe, omu 0.4 ni ndogo kiasi cha kufanana na ukinzani wa nyaya za mita ya bei rahisi. Utasema waya ni safi.

Dawa ni kupima gari likiwa kazini. Niliacha plagi mahali pake, muziki juu, nikaweka ncha moja ya mita kwenye pini ya hasi ya amplifaya, nikiingilia nyuma ya plagi, na ncha nyingine kwenye chuma safi cha bodi. Kwenye waya wa hasi ulio mzima hapo huonekani hata robo volti. Mimi nilipata 3.9. Nikaufuata waya ule hadi kwenye bolti yake chini ya zulia la buti. Bolti ilikuwa na kutu ya rangi ya chungwa, na zulia limelowa. Juu yake, mpira wa taa ya nyuma ulikuwa umekauka na kupasuka. Kila mvua ikinyesha, maji yalikuwa yanashuka taratibu juu ya bolti ile.

Msasa, shilingi 50. Silikoni ya kuziba taa, shilingi 350. Nikasugua, nikakaza, nikapaka grisi, nikapima tena sauti ikiwa juu kabisa: volti 0.08. Nikafuta msimbo. Tangu hapo mvua zimekuja na kwenda na msimbo haujarudi.

Shilingi 400, ndugu zangu. Na kama ningenunua ile ya 45,000? Ingefungwa kwenye bolti ileile yenye kutu. Ningetoka karakanani nikiwa na furaha hadi wimbo wa kwanza mzuri. Halafu ningeambiwa hii nayo ilikuwa mbovu kutoka Japani, tutafute nyingine.

Wa kulaumiwa si fundi peke yake

Ni rahisi kumtukana fundi. Kazi yake hapa ilikuwa mbovu, na kupokea shilingi 3,000 kwa kusoma mstari mmoja ni aibu. Lakini nimefikiri sana, na kuna wengine wawili.

Wa kwanza ni sisi wateja. Fundi akituambia "nipe saa mbili nifuate waya, nilipe 4,000", tunapiga kelele: kwani umeweka nini? Akituambia "amplifaya ni 45,000", tunakwenda kukopa. Tunalipia chuma tunachokiona na tunakataa kulipia akili tusiyoiona. Nimewahi kumwona mzee mmoja wa jua kali akitafuta hitilafu za umeme kwa taa ndogo ya kupimia tu, na taa ile, kwa kuwa huvuta mkondo wa kweli, mara nyingi huumbua kiungo kibovu ambacho mita huficha. Vijana wanaojifunza leo wanaona wenye mashine za kuchomeka wakipata wateja wengi kuliko yeye. Wafanye nini? Watanunua mashine. Ule ujuzi utazikwa na mzee.

Wa pili ni watengenezaji wa magari. Habari zote zilizoniokoa zilikuwa ndani ya gari langu tangu siku ya kwanza. Amplifaya ilijua volti zake. Lakini ili nizisome ilibidi niazime mashine inayofahamu lugha ya siri ya mtengenezaji: namba ipi ni volti, kompyuta ipi iko anwani gani, jibu linagawanywa kwa ngapi. Misimbo inavuja hadi kwenye mashine za bei nafuu, vipimo havivuji. Ndiyo maana fundi wetu anabaki na kichwa cha habari bila habari. Halafu baadhi ya magari, kama Audi nyingi, yana ulinzi unaonyamazisha kifaa kilichotolewa gari jingine mpaka seva ya kiwanda ikiruhusu. Nendeni mkaeleze jambo hilo Kirinyaga Road, ambako spea ni za kutoka gari jingine!

Marekani walilipigania jambo hili. Mwaka 2012 wapiga kura wa jimbo la Massachusetts walipitisha sheria inayowalazimu watengenezaji kuwauzia wenye magari na karakana huru habari zilezile za ukarabati wanazowapa mawakala wao. Mwaka 2020 wakaongeza habari zinazorushwa hewani na gari. Sheria ile haivuki bahari. Na sisi ndio tunaoihitaji zaidi. Kiwango chetu cha KS 1515 kinaruhusu kuingiza gari lililotumika lisilozidi miaka minane, kwa hiyo magari yetu mengi yanafika Mombasa yakiwa yamepitwa na dhamana ya kiwanda. Wakala wa nani atakusaidia? Sisi tunaishi na gari katika umri ule ambao bolti zinaanza kushika kutu.

"Lakini usalama je?"

Najua wapo watakaoniambia kwamba ukifungua milango hii wezi wataingia. Hoja hii siidharau. Mwaka 2015 watafiti Charlie Miller na Chris Valasek waliliingilia gari la Jeep Cherokee kwa mbali, tena mlango waliopitia ulikuwa ule mfumo wa redio, wakaweza kuvuruga injini na breki. Kampuni ikaita magari milioni 1.4 yarekebishwe. Kwa hiyo ndiyo, redio inaweza kuwa dirisha la mwizi.

Lakini mtu yeyote aliyewahi kusimamia seva anajua tofauti ya ruhusa ya kusoma na ruhusa ya kuandika. Ndani ya UDS kwenyewe hizi ni huduma mbili tofauti, zenye namba tofauti. Fungeni uandishi kwa kufuli saba, nitawapigia makofi. Lakini mimi niliyeketi ndani ya gari, ufunguo mkononi, waya umechomekwa, ninaomba kusoma volti za amplifaya yangu. Mwizi atafanya nini na volti 9.7?

Tufanye nini basi

Nina mambo manne, na yote yanaweza kuanza kesho asubuhi.

1. Ukiambiwa "mashine imesema", uliza: msimbo gani, umeandikwa na kompyuta ipi, upo sasa au ni wa zamani? Mwambie akuandikie kwenye karatasi. Asiyeweza kujibu usimlipe 3,000.

2. Kabla ya kununua kifaa chochote cha umeme, dai vipimo vya volti, upande wa chanya na wa hasi, kifaa kikiwa kinafanya kazi, plagi ikiwa mahali pake. Dakika kumi tu.

3. Fundi akipata tatizo kwa kutumia akili yake, mlipe hiyo akili, hata kama ameweka msasa tu. Mimi ningempa 4,000 kwa furaha aliyeliona hili siku ya kwanza, na bado ningebaki na 44,000 mfukoni.

4. Wenzangu mnaoandika programu: acheni kutengeneza programu ya kumi na moja ya kuagiza chakula. Kusanyeni vipimo vya magari tunayoendesha huku, aina kwa aina, namba kwa namba, mviweke wazi, na maelezo yawe kwa Kiswahili ili kijana wa karakana ayaelewe. Msimbo wa U uandikwe hivi: "redio imeita amplifaya haikujibiwa; pima umeme na waya wa hasi kwanza." Sentensi hiyo moja ingeniokoa safari mbili.

Mimi nimeanza na gari langu. Nina anwani ya amplifaya, namba ya volti na namna ya kuikokotoa. Anayetaka aniandikie nimtumie, na anayejua ya gari lake anitumie. Fundi yule wa pili nilimpitia juzi nikamwonyesha picha ya bolti. Akaitazama kwa muda mrefu, akaniuliza nilipimaje. Nikamwonyesha. Kulikuwa na gari jingine limeegeshwa hapo ndani, lina shida ya redio, na mwenyewe ameshakwenda kutafuta pesa za amplifaya.

Akachukua mita akaenda kufungua buti.